Mwongozo kamili wa kuitafuta prazikwanteli, dawa ya tegu na kichocho isiyopatikana kirahisi madukani

Mtu akihisi ana minyoo huenda duka la dawa lililo karibu, akaomba "dawa ya minyoo", naye muuzaji humpa kidonge cha albendazoli cha kutafuna au pakiti ya mebendazoli bila kumuuliza swali hata moja. Kwa chango na safura utaratibu huo hauna ubaya mkubwa, kwa kuwa dawa hizo zimejaa kila mtaa, bei yake ni nafuu na zinafanya kazi. Tatizo huanza pale minyoo yenyewe inapokuwa ya aina nyingine. Kichocho hakiguswi na albendazoli hata ukimeza boksi zima, na tegu, yule mnyoo mrefu bapa anayepatikana kwa kula nyama ya nguruwe au ng'ombe isiyoiva, mara nyingi hamalizwi na kidonge kimoja. Dawa inayohitajika hapo ni prazikwanteli, ambayo kwenye boksi imeandikwa Praziquantel, na hiyo unaweza kuzunguka famasi za mji mzima ukaikosa.

Mwongozo huu unahusu namna ya kuipata kihalali na kuitumia kwa usalama, hasa kwa mgonjwa aliyeko Tanzania, ingawa mambo mengi yanafanana na ya nchi jirani. Kwa kawaida mgonjwa mmoja huhitaji vidonge vichache tu, kuanzia kimoja hadi vitano au sita. Ukilijua hilo mapema, utaona kwamba kazi kubwa si kutafuta mzigo wa dawa bali kujua mlango wa kubisha.

Kwa nini dawa hii haionekani

Prazikwanteli ilitengenezwa Ujerumani katika miaka ya 1970 na kampuni za Bayer na Merck, na hadi leo ndiyo tegemeo la matibabu ya kichocho duniani. Tangu mwaka 2007 Merck ya Ujerumani imekuwa ikiikabidhi kwa Shirika la Afya Duniani bila malipo, na ahadi yake imefikia vidonge milioni 250 kwa mwaka. Vidonge hivyo huingia nchini kwa ajili ya kingatiba, yaani ugawaji wa dawa kwa watu wengi kwa pamoja, na walengwa wakuu wamekuwa wanafunzi wa shule za msingi. Mwalimu au mhudumu wa afya humsimamisha mtoto kwenye kijiti cha kupimia urefu, akasoma idadi ya vidonge, na mtoto akameza papo hapo.

Mpango huo umewakinga watoto wengi na sina neno la kuulaumu, ila umeacha pengo. Dawa ipo nchini kwa wingi lakini haipiti dukani, na mfanyabiashara anayejua kwamba dawa fulani hugawiwa bure haoni faida ya kuiagiza na kuiweka rafuni hadi muda wake uishe. Mtu mzima mwenye cheti cha daktari mkononi, awe mvuvi wa Ukerewe au mkulima wa mpunga, huangukia katikati: shule alishamaliza, na dukani dawa hakuna. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 uliagiza kingatiba ya kichocho iwafikie pia watu wazima pamoja na watoto kuanzia miaka miwili katika maeneo yaliyoathirika, lakini kati ya mwongozo kuandikwa na dawa kufika kwenye zahanati ya kijiji kuna safari ndefu.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kutafuta

Usianze kutafuta dawa adimu kwa kukisia. Nenda zahanati, kituo cha afya au hospitali, eleza dalili zako na uombe kipimo cha choo kikubwa. Kwa kichocho cha tumbo mtaalamu wa maabara hutafuta mayai kwa hadubini, na kwa kuwa mayai hayatoki kwa kiasi kilekile kila siku, kipimo kimoja kisichoonyesha kitu hakitoshi kukuondolea shaka kama umeishi kando ya ziwa au umeoga kwenye maji yake. Omba kurudia kwa choo cha siku nyingine mbili. Kwa kichocho cha kibofu, ambacho ndicho kilichozoeleka Unguja, Pemba na mwambao, kinachopimwa ni mkojo, na dalili yake inayojulikana zaidi ni damu inayoonekana mwishoni mwa kukojoa.

Tegu hujitangaza mwenyewe zaidi kuliko minyoo mingine. Mgonjwa huona kwenye choo, au kwenye nguo ya ndani, vipande vyeupe bapa vinavyofanana na tambi pana zilizokatwa, na vya tegu wa ng'ombe vinaweza hata kujongea vyenyewe. Ukiona kipande cha namna hiyo usikitupe. Kichukue kwa kijiti au kwa glavu, kiweke kwenye kikopo safi chenye maji kidogo, funga vizuri, kisha kipeleke maabara siku hiyohiyo. Mayai ya tegu wa ng'ombe na ya tegu wa nguruwe hayatofautiki kwa hadubini ya kawaida, lakini pingili yenyewe inaweza kumsaidia mtaalamu kuwatenganisha, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa, kama itakavyoelezwa hapa chini. Nawa mikono kwa sabuni baada ya shughuli hiyo, kwa sababu mayai ya tegu wa nguruwe yakimezwa ndiyo yanayoleta madhara mabaya kuliko mnyoo mwenyewe.

Omba majibu ya maabara kwa maandishi. Karatasi hiyo itakufungulia milango ambayo maneno matupu hayafungui, kwa maana mtunza stoo wa hospitali au mratibu wa wilaya atakapoombwa dawa ya mpango atataka kuona kwamba kuna mgonjwa aliyethibitishwa.

Hatua ya pili: mambo ambayo lazima daktari ayajue

Prazikwanteli ni dawa salama kwa watu wengi, lakini ni dawa ya cheti kwa sababu za msingi. Sababu iliyo nzito kuliko zote ni kifafa. Mtu aliyemeza mayai ya tegu wa nguruwe anaweza kuwa na vifuko vya mnyoo huyo ndani ya ubongo bila kujua. Prazikwanteli hupenya hadi ubongoni, huvishambulia vifuko hivyo, na uvimbe unaotokea pale vinapokufa unaweza kuleta degedege au maumivu makali ya kichwa. Tatizo hili limeonekana sana kwenye maeneo yanayofuga nguruwe kwa kuwaachia wazurure, na kwa Tanzania wilaya za Mbulu na Mbozi zimetajwa mara nyingi na watafiti. Kwa hiyo kama umewahi kuanguka kifafa ukubwani, kama una maumivu ya kichwa ya muda mrefu yasiyoeleweka, kama unahisi vinundu vigumu chini ya ngozi, au kama uoni wako umebadilika, sema kabla ya kuandikiwa dawa. Daktari anaweza kuagiza kwanza picha ya CT ya kichwa, au akachagua dawa nyingine. Vifuko vikiwa ndani ya jicho, prazikwanteli haitumiki kabisa.

Jambo la pili ni dawa unazotumia. Rifampisini, ambayo imo kwenye vidonge vya kifua kikuu, huifanya prazikwanteli isambaratike mwilini haraka kiasi kwamba haifanyi kazi, na dawa hizo mbili hazitumiki pamoja. Baadhi ya dawa za kifafa, kama karbamazepini na fenitoini, nazo huipunguzia nguvu. Usiache dawa ya kifua kikuu wala ya kifafa ili umeze ya minyoo. Mwachie daktari apange ipi itangulie. Mama mjamzito naye aseme. Shirika la Afya Duniani linakubali matibabu ya kichocho baada ya miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, na kwa anayenyonyesha pia, lakini uamuzi wa mgonjwa mmoja mmoja ni wa mtoa huduma aliyemwona.

Hatua ya tatu: cheti kiandikwe vizuri na vidonge vihesabiwe

Wengi huondoka na karatasi iliyoandikwa neno moja la haraka haraka, wakafika famasi wakaambiwa haisomeki. Kabla hujatoka chumba cha daktari, hakikisha cheti kina jina lako, umri, uzito wako wa siku hiyo, jina halisi la dawa badala ya jina la kibiashara, nguvu ya kidonge, idadi ya vidonge, namna ya kumeza, tarehe, sahihi na muhuri wa kituo. Jina halisi ni muhimu kwa sababu famasi inaweza kuwa na prazikwanteli ya kiwanda tofauti na kile daktari alichokizoea, na muuzaji asiye makini akajibu "hatuna" huku boksi liko nyuma yake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kidonge kilichozoeleka kina miligramu 600. Kwa aina za kichocho zinazopatikana Afrika Mashariki, dozi ya kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, mara moja. Mtu wa kilo 60 atahitaji miligramu 2,400, yaani vidonge vinne. Wa kilo 75 atahitaji miligramu 3,000, yaani vitano. Wa kilo 52 vitamtosha vitatu na nusu. Kwa tegu wa utumbo dozi ni ndogo zaidi, kati ya miligramu 5 na 10 kwa kilo, hivyo mtu yuleyule wa kilo 60 anaweza kutibiwa kwa kidonge kimoja tu. Sikuandikii hesabu hii ili ujitibu. Nimeiandika ili ujue unatafuta vidonge vingapi, ili ukisikia bei ya pakiti ujue kama unahitaji pakiti nzima, na ili ukipewa idadi iliyo mbali na hii uulize kwa heshima imefikiwaje.

Muulize daktari pia, ukiwa bado umekaa mbele yake, atakubali nini kama prazikwanteli ikikosekana. Kwa tegu lipo jibu: niklosamidi, ambayo mtu mzima hutafuna gramu 2 kwa mara moja, ina sifa ya kubaki utumboni bila kufyonzwa mwilini, na kwa hiyo haichokozi vifuko vilivyo ubongoni, lakini nayo ni adimu. Chaguo jingine linalotambuliwa ni albendazoli ya miligramu 400 kila siku kwa siku tatu, ambayo inapatikana kila mahali, ila hiyo nayo hufyonzwa na kufika ubongoni, kwa hiyo maswali ya kifafa yanabaki palepale. Kwa kichocho hakuna mbadala wa maana; ni prazikwanteli au kuendelea kutafuta. Akikubali mbadala, auandike kwenye cheti hichohicho.

Hatua ya nne: anza na mkondo wa serikali

Hapa ndipo watu wengi hukosea mpangilio: huanza na maduka, wakachoka, ndipo wakarudi hospitali. Mimi ningeanza na hospitali.

Uliza kwanza dirisha la dawa la kituo kilichokupima. Wakisema imeisha, omba kuonana na mganga mfawidhi na umwombe, ukiwa na majibu ya maabara mkononi, aulizie vituo vya jirani na hospitali ya wilaya, kwa kuwa vituo vya umma huweza kusaidiana dawa na ombi la mtumishi kwa mtumishi mwenzake husikilizwa kuliko la mgonjwa aliyesimama dirishani. Halmashauri zilizo kwenye mpango zina mratibu wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele, aliye chini ya ofisi ya Mganga Mkuu, na huyu ndiye anayejua vidonge vya kingatiba viko wapi, vimebaki vingapi na ugawaji ujao unatarajiwa lini. Mwache mganga mfawidhi ampigie. Ukienda mwenyewe, nenda na barua au cheti chenye muhuri.

Ukiwa maeneo ya Kanda ya Ziwa, ambako kichocho cha tumbo kimeenea, nafasi ya kuipata kwenye mkondo huu ni nzuri zaidi kuliko ukiwa Dodoma au Moshi. Penye ugonjwa ndipo dawa inapopelekwa. Mgonjwa wa Dar es Salaam mwenye ndugu Mwanza anaweza kuona ajabu kwamba kinachokosekana kwenye famasi za jiji kubwa kinapatikana kwenye kituo cha afya kando ya ziwa, lakini ndivyo ilivyo. Hospitali za rufaa, kama Bugando kule Mwanza, KCMC Moshi na Muhimbili, zina famasi zake za ndani, na inafaa kuuliza huko kabla ya kwenda mitaani. Hospitali za mashirika ya dini nazo huweza kununua dawa kwa njia zake, tofauti na Bohari ya Dawa ya serikali, kwa hiyo stoo ya serikali ikiwa tupu haimaanishi kwamba na ya kwao iko vivyo hivyo.

Neno moja la tahadhari: dawa ya msaada haiuzwi. Mtu akikuuzia vidonge alivyovichota kwenye mkebe mkubwa na kuvifunga kwenye karatasi, hujui vimetoka wapi, vimekaa wapi, wala muda wake unaisha lini.

Hatua ya tano: famasi, kwa simu kwanza

Mkondo wa umma ukigoma, ingia kwenye famasi. Tofautisha famasi yenye mfamasia na duka la dawa muhimu. Maduka ya dawa muhimu yanaruhusiwa kuuza orodha yenye mipaka ya dawa, na yanafanya kazi nzuri vijijini, lakini si mahali pa kutegemea dawa ya aina hii. Tafuta famasi kubwa, hasa iliyo karibu na hospitali ya mkoa au ya rufaa, kwa sababu hizo hufuata vyeti vya madaktari wa pale. Kwa Dar es Salaam, wauzaji wa jumla wako wengi Kariakoo. Hawa kwa kawaida huuza kwa famasi na si kwa mtu mmoja, lakini mfamasia wako anaweza kuwaulizia kwa niaba yako na kukuletea.

Piga simu kabla ya kupanda daladala. Usiulize "mna dawa ya minyoo?", kwa kuwa jibu litakuwa "ndiyo, njoo", ukifika unapewa albendazoli. Salimia, kisha sema hivi: "Naomba kuzungumza na mfamasia. Nina cheti cha praziquantel ya miligramu 600, vidonge vinne. Je, mnayo leo? Kama haipo, mnaweza kuagiza, na itachukua siku ngapi?" Jina la dawa litamke herufi kwa herufi kama hasikii, au mtumie picha ya cheti kwa WhatsApp. Akisema ipo, muulize muda wake wa matumizi unaisha lini na kama anauza kwa kidonge au kwa pakiti, halafu mwombe akuwekee kwa jina lako. Akisema haipo, usikate simu kabla hujamuuliza ni nani mwingine anayeagizaga dawa hiyo, maana wafamasia wa mji mmoja hujuana na mara nyingi hukutajia famasi ambayo usingeifikiria.

Ikiwa imepatikana mkoa mwingine, zipo njia mbili. Ya kwanza ni famasi iliyo karibu nawe kuiagiza kutoka huko, na hiyo ndiyo ninayoipendelea, kwa sababu mzigo unabaki mikononi mwa watu wenye leseni. Ya pili ni ndugu aende na nakala ya cheti, anunue na kuituma kwa basi, jinsi tunavyotuma kila kitu. Akifanya hivyo, dawa ibaki kwenye pakiti yake ya kiwandani pamoja na karatasi ya maelezo na risiti, iwekwe ndani ya kikopo kigumu, na kondakta aombwe asiiweke juu ya dashibodi, ambako jua la kutwa nzima huipika.

Wenye bima wahakikishe kabla ya kulipa fedha taslimu. Kama dawa imo kwenye orodha ya mfuko wako lakini kituo hakina, uliza kuhusu fomu ya kuchukulia dawa kwenye famasi iliyosajiliwa na mfuko huo, kwa sababu malipo yaliyofanywa nje ya utaratibu ni kazi ngumu kurejeshewa.

Kukagua ulichouziwa

Mbele ya muuzaji, kabla hujalipa, fungua boksi. Jina na nguvu ya dawa kwenye boksi vilingane na vilivyo kwenye pakiti ya ndani. Namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda zifanane kote kuwili. Maandishi yasiwe na makosa ya tahajia wala wino unaofutika kwa kidole. Dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, mara nyingi huwa na namba ya usajili inayoanza na herufi TAN, na orodha ya dawa zilizosajiliwa inaweza kutafutwa kwenye tovuti ya mamlaka hiyo. Zanzibar ina wakala wake wa chakula na dawa. Dai risiti, kwa sababu bila hiyo huna pa kurudia ukigundua kasoro. Ukiwa na shaka, usimeze. Peleka pakiti ofisi ya TMDA ya kanda au kwa mfamasia wa wilaya.

Kwenye duka la dawa za mifugo unaweza kuiona prazikwanteli bila kuitafuta, kwa kuwa hutumika kuwatibu mbwa na paka, na mtu aliyekwisha kuchoka kuzunguka hushawishika. Achana nayo. Nguvu yake imepangwa kwa uzito wa mnyama, mara nyingi huchanganywa na dawa nyingine ambazo hazijapimwa kwa matumizi yako, na ukipata tatizo hakuna daktari atakayejua umemeza nini. Wauzaji wa mitandaoni wasio na anwani wala leseni niwaweke kundi hilohilo. Mbegu za maboga na za papai zisikufanye uache kutafuta dawa.

Ukiwa nje ya Tanzania

Kenya ina mazingira yanayofanana: kichocho kimeenea kandokando ya Ziwa Victoria, kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea na katika kaunti za Pwani kama Kwale na Kilifi, na dawa nyingi hupitia mpango wa shule. Hospitali za misheni huko huhudumiwa na MEDS, shirika la makanisa la kusambaza dawa, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kuuliza. Anayeishi Uingereza ajue kwamba prazikwanteli haina leseni ya kawaida huko, na famasi huiagiza nje kwa ajili ya mgonjwa maalumu. Daktari wa mtaa anaweza kuwa hajawahi kuiandika, hivyo ni busara kumwomba akuelekeze kwa kliniki ya magonjwa ya kitropiki, na kumwambia waziwazi kwamba uliogelea Mwanza au Kisumu ulipokwenda likizo. Marekani dawa hii iliidhinishwa tangu mwaka 1982 na famasi huweza kuiagiza, ila bei inaweza kumshtua aliyezoea ya bure.

Wakati unasubiri

Tegu na kichocho ni magonjwa ya polepole, na kwa wengi kusubiri wiki mbili hakubadilishi matokeo. Usimeze dozi mbilimbili za albendazoli kwa haraka. Mwenye tegu anawe mikono kwa sabuni kila atokapo chooni na kabla ya kushika chakula cha wengine, kwa kuwa kama ni tegu wa nguruwe yeye mwenyewe ndiye chanzo cha mayai yanayoweza kuwafikia watoto wake. Kama mwenye kichocho anatapika damu, anapata choo cheusi kama lami, au tumbo limejaa maji, aende hospitali saa hiyohiyo, bila kungojea dawa.

Iwapo maabara imeandika Strongyloides, aina nyingine ya minyoo ya utumbo, badala ya tegu au kichocho, prazikwanteli si dawa yako. Inayohitajika ni ivamektini, na njia ya kuitafuta ni hiihii ya vituo na waratibu. Mgonjwa huyo asimeze dawa za steroidi kama deksamethasoni au prednisoloni bila daktari kujua, kwa sababu zinaweza kuwafanya minyoo hao wazaane na kusambaa mwilini kwa namna inayoua.

Siku ya kumeza

Kula kwanza, tena chakula cha maana kama ugali na mboga au wali na maharage, kwa kuwa dawa hii hufyonzwa vizuri pamoja na chakula. Vidonge ni vikubwa na vichungu mno. Ukikiacha kidonge ulimini kitakutapisha. Meza kimoja kimoja kwa maji mengi. Vingi vina mstari wa kukatia, hivyo nusu hupatikana kwa kisu safi. Kwa mtoto mdogo anayeweza kupaliwa, mtoa huduma atakisaga na kukichanganya na chakula. Vidonge vya kuyeyushwa kwa watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita vilipata ithibati ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2024, kwa hiyo inafaa kuuliza kama vimefika kituoni kwako. Madaktari wengine huigawa dozi mara mbili kwa siku hiyohiyo, fuata ulivyoandikiwa.

Maumivu ya tumbo, kichefuchefu, kizunguzungu na kichwa kuuma ni maudhi ya kawaida, na huwa makali zaidi kwa mwenye minyoo mingi. Kwa kawaida hutulia ndani ya siku moja. Usiendeshe bodaboda, gari wala mashine siku hiyo na inayofuata. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, mpigie mtoa huduma kabla ya kurudia. Degedege, kuchanganyikiwa au vipele vinavyoambatana na kushindwa kupumua ni dharura.

Baada ya hapo kuna marejeo. Prazikwanteli huua minyoo ya kichocho iliyokomaa na kuiacha iliyo michanga, kwa hiyo daktari anaweza kutaka choo kipimwe tena baada ya wiki nne hadi sita, na aliyekuwa majini karibuni akaandikiwa dozi ya pili. Muulize mapema, ili famasi ikuagizie dozi zote mbili kwa safari moja. Kwa tegu, kichwa chake kikibaki utumboni huota upya, na pingili zinaweza kuonekana tena baada ya miezi michache. Peleka choo kikapimwe mwezi wa kwanza na wa tatu baada ya kumeza, na cheti cha kwanza pamoja na jina la famasi iliyokuuzia uvitunze hadi majibu ya mwezi wa tatu yatoke.